Pikofu inaanzia kwenye mpira unaorusha homu

Kwenye besiboli, mapitcha wengi (wale wanaomrushia mpigaji mpira) wakitaka pikofu nzuri, yaani kumnasa mkimbiaji aliyeiacha besi yake, wanakimbilia mkono. Wanataka kugeuka na kurusha mpira wa moto besi ya kwanza, wanafanya mazoezi ya bega, wanarusha mpaka kiwiko kinauma, halafu mechi ikianza mkimbiaji anarudi kwenye besi taratibu tu akiwa amesimama, hata kuslaidi (kuteleza chini) haslaidi. Mi naamini kabisa kwamba mkono ni jambo la mwisho hapa. Pikofu inaanzia kwenye ule mpira unaorusha homu, kule aliko mpigaji. Yaani kama ile nusu sekunde ya kwanza unapoanza kurusha homu inafanana na ile nusu sekunde ya kwanza unapoanza kugeuka besi ya kwanza, mkimbiaji hana cha kusoma, na mkimbiaji asiye na cha kusoma anabaki karibu na besi yake. Zisipofanana ndugu yangu, uwe na mkono wa namna gani, atakuwa ameshafika anakusubiri.

Kwa ambao mchezo bado mgeni kidogo niweke mambo sawa haraka. Mkimbiaji akiwa besi ya kwanza anaruhusiwa kuiacha na kusogea kuelekea besi ya pili, hiyo tunaita lidi, na anasogea kwa sababu anataka kuiba besi pale pitcha anaporusha kwa mpigaji. Pitcha naye ana haki ya kugeuka ghafla na kurusha kwa mwenzake wa besi ya kwanza, mkimbiaji akiguswa na mpira kabla hajarudi ni auti. Hiyo ndo pikofu. Kwa wakubwa kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 27.43, na kutoka kwenye raba ya pitcha (kile kibao cheupe juu ya kilima) hadi homu ni mita 18.44. Hizo namba mbili ndo zinaleta vita yote.

Hebu tuhesabu sekunde maana bila hesabu hii hakuna kitu kinaeleweka. Pitcha mzuri anatumia kama sekunde 1.3 kuanzia anapotikisika mpaka mpira unamfikia kecha (mdakaji aliye nyuma ya mpigaji). Kecha wa kiwango cha juu kule Marekani anatumia kama sekunde 2 kuanzia mpira unagonga glavu yake mpaka unafika besi ya pili. Jumla 3.3. Na mkimbiaji mwenye mbio akiwa na lidi nzuri anahitaji hiyohiyo 3.3 au 3.4. Ona jinsi ilivyobana. Kwa hiyo pitcha anayenyanyua goti juu kabisa kwa mbwembwe na kutumia sekunde 1.6 ameshamwuza kecha wake kabla hata hajarusha, watu watamlaumu kecha, watasema kecha hana mkono, kumbe besi iliibiwa kwa pitcha. Upande wa pili, ukimfanya mkimbiaji asimame hatua moja nyuma, moja tu, au ukamfanya asite kidogo pale anapotaka kuondoka, kecha wako amepona. Ndo maana nasema auti ya pikofu ni bonasi. Kazi yenyewe ni kumfunga mkimbiaji miguu.

Sasa tuanze na wa mkono wa kulia maana ndio wengi na ndio wenye shida kubwa, besi ya kwanza iko mgongoni kwake. Amesimama kwenye seti (ule mkao wa kutulia kabla ya kurusha), uso unaangalia besi ya tatu, anamwona mkimbiaji kwa kugeuza shingo juu ya bega la kushoto. Mkimbiaji anamwangalia nini? Visigino. Mkimbiaji aliyefundishwa haangalii mpira wala mikono, ni kama kipa mzuri kwenye penalti anayeangalia mguu wa kusimamia. Kisigino cha kushoto kikinyanyuka kwanza huku cha kulia kimetulia kwenye raba, mpira unaenda homu, kimbia. Kisigino cha kulia kikitikisika kwanza, anageuka, rudi. Hiyo ndo siri yote ya wezi wa besi, na mapitcha wengi wanairahisisha zaidi kwa kuongeza ishara zingine bila kujua. Kuna anayekunja goti la mbele kidogo kabla ya kurusha homu tu. Kuna anayeingiza bega la kushoto ndani akienda homu, akigeuka linabaki wazi. Kuna anayeshusha pumzi kubwa. Kuna anayeangalia besi ya kwanza mara moja akitaka kurusha homu na mara mbili akitaka kugeuka, na hivo hivo mechi nzima, mpaka mtu aliyekaa benchi anajua.

Ndo maana ushauri wangu wa kwanza hauna mpira ndani yake. Muombe mtu asimame besi ya kwanza na simu, akurekodi video ukirusha homu kadhaa na ukigeuka kadhaa, alafu kaeni muangalie polepole ile nusu sekunde ya kwanza kabisa, kabla hujafika popote. Utaona mwenyewe. Wengi wakiona video yao wanashtuka jinsi kila kitu kiko wazi, na ukishaona huhitaji mtu akushawishi tena.

Ukishajua unatoa ishara gani, rekebisha pale unapoanzia. Kwenye seti miguu isiwe mipana sana, upana wa mabega au pungufu kidogo, magoti yamekunjwa kidogo, uzito umegawanyika sawa kwenye miguu yote miwili na uko mbele ya nyayo, sio kwenye visigino. Mtu aliyeegemea mguu wa nyuma hawezi kugeuka haraka, lazima kwanza ajivute, na ule mvuto ndo unaoonekana. Mikono ikae juu, usawa wa kifua, karibu na mwili. Ukiiweka chini tumboni mpira una safari ndefu kufika sikioni, na safari ndefu ni muda.

Halafu kugeuka kwenyewe. Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza unarudisha mguu wa kulia nyuma ya raba, ukishaachana na raba wewe ni kama mchezaji mwingine yeyote wa ndani, unaweza kurusha, unaweza kudanganya usirushe, hakuna tatizo. Ni salama lakini ni ya polepole. Ya pili ni kuruka na kugeuka, miguu yote miwili inaondoka chini karibu kwa pamoja, karuka kafupi sana, kadogo mpaka kofia isipande juu, mguu wa kulia unatua kwa ndani vidole vikielekea homu na wa kushoto unatua umenyooka kuelekea besi ya kwanza. Hii ndo yenye meno. Makosa ninayoyaona sana ni kuruka juu, mtu anaruka kwenda mbinguni wakati anatakiwa kuruka kwa kuzunguka, kila sentimita unayopanda juu ni muda ambao huwezi kurusha. Na kiwiko, jamani, kiwiko. Usifanye ule mzunguko mkubwa wa mkono unaofanya ukirusha homu. Toa mpira kwenye glavu, nyanyua mpaka sikioni, rusha. Mfupi kama wa kecha. Usianze kutafuta namna ya kuushika mpira vizuri kwenye mishono, ulivyoushika ndo hivyohivyo, rusha.

Na unarusha wapi? Hapa watu wanapoteza auti nyingi. Mpira usiende kifuani kwa mwenzako, uende usawa wa goti lake, juu ya kona ya besi iliyo upande wa besi ya pili, ili akidaka glavu yake iwe tayari iko pale mkono wa mkimbiaji utakapofikia. Mpira wa kifuani hata ukiwa na moto, mwenzako lazima aushushe, na kule kushusha kunakula faida yote uliyoipata kwa miguu. Mpira wa wastani uliofika mahali pake unashinda mpira wa moto uliofika juu. Kila siku.

Mfano wangu ninaoupenda kuliko yote ni wa Koji Uehara, Mjapani aliyekuwa pitcha wa kumalizia mechi za Boston Red Sox. Oktoba 27, 2013, World Series (fainali ya ligi kuu ya Marekani) mechi ya nne kule St. Louis, Red Sox wanaongoza 4 kwa 2, iningi ya tisa yaani ya mwisho, auti mbili kati ya tatu tayari, anayepiga ni Carlos Beltran, mtu hatari kweli kwenye mechi za mwisho za msimu, homurani moja tu (mpira uliopigwa nje ya uwanja, mpigaji na aliye kwenye besi wote wanapata pointi) mechi inakuwa sare. Besi ya kwanza yupo Kolten Wong, kijana aliyeingizwa kukimbia badala ya mwenzake mwenye mguu mbaya. Uehara akageuka, mpira chini safi, Mike Napoli akamgusa, mechi imeisha. Ilikuwa mara ya kwanza mechi ya mchujo au ya World Series kuisha kwa pikofu. Sasa angalia Uehara ni nani, mkono wa kulia, mpira wake wa kasi ulikuwa chini ya maili 90 kwa saa, kwenye ligi yenye watu wanaorusha 95 na zaidi. Hakumnasa kwa nguvu. Alikuwa na miguu myepesi na mkono mfupi, na mkimbiaji akili yake ilikuwa kwa Beltran. Wong hata hakuwa na sababu ya kusogea vile, mbio yake haikuwa na maana kwenye matokeo, aliyehitajika kurudi homu kusawazisha alikuwa Beltran mwenyewe. Pitcha anayejua kwamba mkimbiaji amesahau hesabu ndo anapata auti kama zile.

Mashoto mna bahati. Mashoto akiwa kwenye seti anamwangalia mkimbiaji uso kwa uso, na zaidi ya hapo ananyanyua mguu wa kulia kwa namna moja iwe anaenda homu au besi ya kwanza, uamuzi unafanyika mguu ukiwa hewani. Ile nusu sekunde ninayoiimba tangu mwanzo mashoto amepewa bure. Ndo maana majina makubwa ya pikofu ni ya mashoto watupu, Steve Carlton aliwanasa zaidi ya 140 kwenye maisha yake ya mpira, Andy Pettitte wa Yankees karibu 100, Mark Buehrle naye yumo humohumo. Buehrle Aprili 18, 2007 alirusha mechi nzima bila Texas Rangers kupata hata hiti moja (mpigo wa kumfikisha mpigaji besi), akampa besi ya bure mtu mmoja tu, Sammy Sosa, na akamnasa hapohapo kwenye besi ya kwanza, kwa hiyo alikutana na wapigaji 27 tu, idadi ileile ya mechi kamili, ile ambayo hakuna mpigaji hata mmoja anayefika besi. Mi naona hiyo ni moja ya kazi safi zaidi zilizowahi kufanywa na mashoto na watu hawaizungumzii vya kutosha.

Lakini mashoto naye ana mitego yake. Wa kwanza ni kichwa. Karibu kila mashoto mdogo akitaka kurusha besi ya kwanza anaangalia homu kwa makusudi ili adanganye, na akitaka kurusha homu anaangalia besi ya kwanza. Anaona amekuwa mjanja, kumbe ametengeneza kanuni, mkimbiaji anaisoma ndani ya iningi mbili. Changanya. Wakati mwingine angalia besi ya kwanza na urushe hukohuko, angalia homu na urushe homu. Wa pili ni bega na kiwiliwili, ukienda homu mwili unaegemea mbele mapema, ukienda besi ya kwanza unabaki wima, kwa hiyo jifunze kusimama wima juu ya mguu wa kushoto kwa muda uleule kila mara, balansi kwanza. Wa tatu ni goti, na hili linahusu sheria, goti na mguu wa kulia ukivuka ukingo wa nyuma wa raba huruhusiwi tena kurusha besi ya kwanza, lazima uende homu au besi ya pili. Na hatua yako ukienda besi ya kwanza iwe kweli inaelekea huko. Waamuzi wanatumia mstari wa kufikirika wa nyuzi 45 kati ya homu na besi ya kwanza, ukikanyaga upande wa besi ya kwanza umepona, ukikanyaga upande wa homu ni boki, kosa ambalo nitalieleza mbele. Pettitte aliishi kwenye ule mstari, makocha wa timu pinzani walikuwa wanalalamika miaka nenda rudi kwamba ni boki, waamuzi wengi wanaacha.

Mashoto pia awe na ile ya pili, ya haraka, kurudisha mguu wa kushoto nyuma ya raba ghafla na kufyatua mpira kwa kiwiko bila kunyanyua mguu wa mbele kabisa. Haina urembo ila inamkuta mkimbiaji ambaye ameshazoea kusubiri mguu unyanyuke.

Na kuna usiku mmoja ambao kila mashoto aujue. Baltimore, Agosti 24, 1983, Orioles na Toronto Blue Jays, iningi ya kumi, ya nyongeza. Orioles walikuwa wamemaliza makecha wote, wakalazimika kumuweka Lenn Sakata, mchezaji wa ndani ambaye hakuwa kecha kabisa. Toronto wakaona hii ni sherehe, kila anayefika besi ya kwanza anasogea mbali aibe kwa huyu kecha wa dharura. Akaingia Tippy Martinez, mashoto. Akamnasa Barry Bonnell. Akampa besi Dave Collins, akamnasa. Willie Upshaw akafika, akamnasa. Auti tatu, zote pikofu, iningi moja. Na zamu ya Orioles ilipofika, baada ya Cal Ripken kusawazisha, Sakata huyohuyo akapiga homurani ya kumaliza mechi. Ninachotaka uone ni kwamba Martinez hakubadilika usiku ule, waliobadilika ni wakimbiaji, tamaa iliwasogeza. Kwa hiyo kabla ya kurusha jiulize mkimbiaji huyu anataka nini sasa hivi. Kecha wako ni dhaifu? Wako nyuma kwa pointi moja? Mpigaji ni mbovu kwa hiyo lazima waibe? Hapo ndo pikofu ina thamani. Wako nyuma kwa pointi sita iningi ya nane, haibi huyo, muache, shughulika na mpigaji.

Boki nimeitaja juujuu tu, niimalizie maana ndo inayowaogopesha watu mpaka wanaacha kugeuka kabisa. Boki ni pitcha kumdanganya mkimbiaji kwa njia isiyoruhusiwa, na adhabu yake kila mkimbiaji anasogea besi moja bure. Mambo ya kushika ni machache kuliko watu wanavyofikiri. Kwenye seti lazima usimame kabisa kabla ya kurusha, sio kupitiliza. Ukiwa umegusa raba na umeanza kugeuka besi ya kwanza lazima urushe, hakuna kudanganya, na mguu ukanyage kuelekea besi kabla mpira haujatoka. Mwenzako akiwa amecheza mbali na besi usimrushie akiwa hukohuko, hiyo nayo ni boki. Besi ya pili unaruhusiwa kudanganya bila kurusha. Ile ya zamani ya kudanganya besi ya tatu halafu kugeuka ya kwanza ilipigwa marufuku ligi kuu ya Marekani mwaka 2013. Na moja ambayo hata makocha wanasahau, mpira ukikuponyoka ukaenda nje ya uwanja ukiwa umegeuka kutoka kwenye raba mkimbiaji anapewa besi moja, lakini kama ulikuwa umeshashuka nyuma ya raba anapewa mbili.

Halafu mwaka 2023 ligi kuu ikabadilisha kila kitu. Pitcha sasa akiwa na mpigaji mmoja anaruhusiwa kuachana na raba mara mbili tu, iwe kwa kurusha au kushuka tu, ya tatu kama hakupata auti ni boki. Mkimbiaji akisogea besi ndo hesabu inaanza upya. Besi zenyewe zikaongezwa ukubwa kutoka inchi 15 hadi 18, na saa ikawekwa ya kumbana pitcha. Matokeo, besi zilizoibiwa zikaruka kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023, na Ronald Acuña Jr. peke yake akaiba 73. Wapo waliosema pikofu imekufa. Mi naona kinyume, pikofu ya ovyo ndo imekufa, ile ya kurusharusha kupoteza muda. Ukiwa na mbili tu kila moja lazima iwe na sababu, na ukishazitumia zote mkimbiaji anajua, anatanua. Kwa hiyo wengi wanatunza angalau moja mfukoni. Na kwa sababu hiyo silaha kubwa imekuwa kitu ambacho hakihesabiwi popote, kushika mpira. Umesimama kwenye seti, unahesabu moja unarusha homu. Inayofuata unahesabu mpaka tatu. Inayofuata unakaa, unakaa, mkimbiaji miguu inaanza kukakamaa, uzito unahamia kwenye visigino, sasa ndo unarusha homu. Mtu aliyekakamaa haibi. Hii haihitaji kipaji wala mkono, ni utulivu tu, na kijana wa miaka 14 anaweza kuijua kwa wiki moja.

Anayetaka ushahidi kwamba unaweza kuishi hata bila kurusha amwangalie Jon Lester. Mashoto, bingwa, lakini kurusha besi ya kwanza kulimshinda kichwani, mkono ulikuwa unakataa kabisa. Mwaka 2014 hakujaribu. Mechi ya mtoano ya Septemba 30 mwaka ule akiwa na timu ya Oakland, Kansas City Royals waliiba besi saba, sio zote kwake, na wakashinda 9 kwa 8 kwenye iningi ya 12. Ungesema mtu huyu ameisha. Miaka miwili baadaye yupo na Chicago Cubs wanachukua World Series. Alifanya nini? Alirusha homu haraka, mguu haunyanyuki juu unateleza mbele tu, alishika mpira muda tofauti tofauti, alimwangalia mkimbiaji kwa jicho refu, na kecha wake ndo akawa anarusha besi ya kwanza baada ya mpira kufika homu. Baadaye akaja na kitu cha ajabu zaidi, akaanza kurusha besi ya kwanza kwa kuudundisha mpira chini makusudi. Namheshimu sana Lester kwa hilo, dunia nzima inajua udhaifu wako na bado unapanda kilima.

Kwetu huku Afrika Mashariki kuna jambo moja la kuangalia sana. Watoto wengi wanaanza na sheria za Little League, na kwenye ile daraja ya watoto wa mpaka miaka 12, ile ambayo Lugazi ya Uganda waliicheza Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto mwaka 2012 wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, mkimbiaji haruhusiwi kuacha besi mpaka mpira umfikie mpigaji. Hakuna lidi, kwa hiyo hakuna pikofu. Mtoto anakua na mkono mzuri kabisa, anaingia sekondari, anakuja kwenye mashindano kama Koshien yetu ya shule hapa Tanzania, besi zimekuwa mbali, wakimbiaji wanasogea, na hajawahi hata siku moja kusimama kwenye seti akiwa na mtu mgongoni. Sio kosa lake. Makocha tuanze kuwafundisha seti na kugeuka mwaka mmoja kabla, hata bila mechi, miguu tu kwenye vumbi.

Besi ya pili kwa kifupi. Pale mkimbiaji hana mtu wa kumshikilia kwa hiyo anasogea mbali zaidi, na pikofu inakuwa ya watu wawili. Ninayoipenda ni ile ya mwanya, pitcha anaangalia nyuma, shotstopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) anajipenyeza nyuma ya mkimbiaji kuelekea besi, pitcha akiona shotstopu amekuwa karibu na besi kuliko mkimbiaji na kuna mwanya katikati yao, na glavu imefunguliwa kama ishara, anageuka na kurusha juu ya besi bila kusubiri mtu afike. Nyingine ni kunyanyua mguu wa mbele kama unaenda homu na kuzunguka nao mpaka besi ya pili, ina nguvu sana kwa mkimbiaji anayeondoka mapema. Besi ya tatu sitamshauri kijana arushe, ukikosea ni pointi imeingia.

Mazoezi ninayoyaamini kuliko mengine ni haya. Wewe kwenye raba, mwenzako besi ya kwanza na lidi yake, mwingine pembeni mwenye glavu. Bila mpira kwanza. Unaanza, na mwenzako anapaza sauti "homu!" au "rudi!" mara tu anapojua, sio baada. Mwanzoni atapatia zote, na atakwambia amejuaje, bega, goti, pumzi, unarekebisha kimoja kimoja. Usiongeze spidi bado. Siku anapoanza kukosea, anapiga kelele "homu" wakati wewe umeshageuka, ndo uombe mpira.